Lorne Michaels akiondoka Saturday Night Live, kiti kirithishwe vipi?

Pazia_Jekundu aliuliza:

Wakuu, salaam.

Saturday Night Live (SNL), kipindi cha vichekesho cha kituo cha NBC cha Marekani, ilirushwa mara ya kwanza 11 Oktoba 1975. Ukitoa ile miaka mitano ya 1980 hadi 1985, mkuu wa kipindi amekuwa mmoja tu: Lorne Michaels, Mkanada aliyezaliwa Novemba 1944. Februari 2025 walifanya sherehe ya miaka 50, watu wakadhani hapo ndipo atakapoaga. Hakuaga. Oktoba msimu wa 51 ukaanza, naye yuko palepale.

Kila suala la mrithi likizuka, mjadala unageuka orodha ya majina: Tina Fey, Seth Meyers, Colin Jost, na wengineo. Mimi majina si shida yangu. Naomba kueleweshwa kazi yenyewe. Huyo mrithi atakabidhiwa nini hasa, maana Michaels haonekani sana kwenye kioo wala si yeye anayeandika vichekesho? Afadhali atoke ndani au nje? Makabidhiano yachukue muda gani? Na 1980 alipoondoka mara ya kwanza, ni nini kilichoharibika? Kila mahali nasoma kwamba kipindi kilikuwa hoi, lakini hakuna anayetaja ugonjwa.

---

Kadi_za_Ubaoni alijibu:

Anza na ratiba ya wiki, maana ndiyo itakayokuonyesha uzito wa kiti uko wapi.

Jumatatu waandishi na waigizaji hujazana ofisini kwa Michaels kukutana na nyota mgeni wa wiki hiyo, na kila mmoja anatupa wazo lake kwa sentensi mbili tatu. Mengi ya mawazo hayo ni ya kumchangamsha mgeni tu, hayafiki hata kesho yake. Jumanne ni usiku wa kuandika, watu hukesha mpaka alfajiri. Jumatano alasiri miswada karibu 40 husomwa mezani kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa saa kadhaa. Kisha mlango unafungwa, wanabaki watu wachache, na ile 40 inashushwa hadi dazani moja hivi. Usiku huohuo wabunifu wa jukwaa wanaanza michoro, kwa sababu mandhari hujengwa Brooklyn na lazima yafike Studio 8H, ndani ya 30 Rockefeller Plaza, kabla ya Jumamosi. Alhamisi na Ijumaa ni kuandika upya, kupanga kamera na kupiga filamu fupi. Jumamosi saa 2 usiku kuna zoezi kamili lenye mavazi mbele ya watazamaji halisi, likiwa na vipande vingi kuliko vitakavyoingia. Saa 5:30 usiku wako hewani, mubashara, hadi saa 7.

Sasa tazama pengo kati ya zoezi na hewa. Michaels hulitazama zoezi kwenye skrini akiwa amejificha chini ya viti vya watazamaji. Likiisha anapanda ofisini kwake ghorofa ya 9. Ubaoni kuna kadi, kila kadi kipande kimoja. Kwa muda ambao mtu mwingine angeutumia kunywa chai, vipande vitatu vinne vimeondolewa, mfuatano umepangwa upya na maelekezo yametoka: hiki kipunguzwe dakika moja, kile kibadilishwe mwisho, mwigizaji huyu aseme taratibu. Kadi za maneno, zile zinazoshikwa kando ya kamera, zinaandikwa upya kwa mkono. Mafundi wa jukwaa nao wanabadilisha mpango mzima wa nini kinasukumwa wapi.

Na usidhani anayekata anafuata kicheko pekee. Kipande kilichochekesha sana kinaweza kuondolewa kwa sababu mandhari yake yanahitaji eneo lilelile la kipande kinachotangulia, na katikati hakuna tangazo la biashara la kuwapa mafundi nafasi. Au mwigizaji anahitaji dakika nne kuvua nywele bandia naye amepewa mbili. Au vipande viwili vinamlenga mwanasiasa yuleyule. Au ukikiondoa hiki, mwigizaji mpya atakuwa ameshinda wiki nzima bila kuonekana hewani, na wiki ijayo hataandikiwa kitu. Kile cha ajabu ajabu, ambacho nusu ya ukumbi haikukielewa, kinatupwa saa 6:50 usiku, ambapo waliobaki macho ni wale wanaokipenda.

Kuandika wapo waandishi wakuu. Kamera zina mwongozaji wake. Uendeshaji wa kila siku una watayarishaji wazoefu. Mmoja wao, Steve Higgins, yumo tangu 1995. Kiti cha juu kina kazi tatu: kuchagua watu, kukata, na kumzuia bosi wa kituo asiingie chumba cha waandishi. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kurithisha. Haimo kwenye mkataba wowote. Imejengeka kwa sababu marais wa NBC wamekuja na kuondoka, yeye yupo.

---

Mhifadhi_Kanda alijibu:

Nichukue swali la 1980, maana linasimuliwa kama kisa cha mwanamke mmoja aliyeshindwa kazi, na si haki.

Baada ya misimu mitano Michaels alikuwa hoi, na waandishi wake Al Franken, Tom Davis na Jim Downey ndio waliofikiriwa kushika nafasi. Mei 1980 Franken akasimama hewani kwenye Weekend Update, kile kipengele cha habari za mzaha, akamkejeli Fred Silverman, rais wa NBC wa wakati huo: vipindi vyake havina watazamaji lakini anabebwa na limo, gari la kifahari, mimi je? Ukumbi ulicheka, Silverman hakucheka. Mlango wa Franken ukafungwa hapo. NBC ikampa kazi Jean Doumanian, mtayarishaji msaidizi wa kipindi.

Hesabu alichokabidhiwa. Waigizaji wote waliondoka. Karibu waandishi wote waliondoka. Bajeti ilikatwa. Jina likabaki lilelile, saa ileile, studio ileile, kwa hiyo mtazamaji alifungua runinga 15 Novemba 1980 akimtarajia Bill Murray na Gilda Radner, akakuta sura asizozijua zikitumia vipengele vya watu waliohama. Februari 1981 Charles Rocket akatoa tusi hewani, na baada ya matoleo 12 Doumanian akaondolewa. Na bado ni wakati wake ndipo alipoajiriwa kijana wa miaka 19 aitwaye Eddie Murphy. Kosa ni kwamba alikaa pembeni kwa muda mrefu kabla ya kupewa nafasi.

Dick Ebersol aliyefuata alikuwa afisa wa NBC aliyeshirikiana na Michaels kuanzisha kipindi mwaka 1975, kwa hiyo ofisi za juu zilimjua. Bahati yake ya pili haisemwi: alirusha toleo moja tu, 11 Aprili 1981, kisha mgomo wa waandishi ukafunga msimu. Akapata miezi ya kujipanga ambayo Doumanian hakuipata. Akawabakiza Murphy na Joe Piscopo, akasafisha waliobaki. Murphy alipoondoka 1984, Ebersol akanunua majina yaliyokwisha iva: Billy Crystal, Martin Short, Christopher Guest, Harry Shearer. Msimu ulipendeza. Lakini mtu aliyeiva ana kwake pa kwenda; mwaka mmoja tu, wakatawanyika.

Wanaomwona mwanzilishi kuwa mganga wamsome Michaels wa 1985. Alirudi, akajaza jukwaa vijana wa sinema: Robert Downey Jr., Anthony Michael Hall, Joan Cusack. Kipindi kikaponea chupuchupu kufutwa. Mtu ni yuleyule, ujuzi uleule, na alianguka kwa sababu ileile ya Doumanian: kila kitu kipya kwa mpigo. Alipona 1986 kwa kuwabakiza Jon Lovitz, Nora Dunn na Dennis Miller, kisha akaongeza Dana Carvey, Phil Hartman, Jan Hooks na Kevin Nealon.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Kuna makundi matatu: kiongozi, waandishi, waigizaji. Msimu unaobadilisha kiongozi, makundi mengine mawili yasiguswe zaidi ya kawaida. Kabla ya msimu wa 51 waliondoka waigizaji kadhaa wakaingia watano wapya. Mabadiliko ya ukubwa huo ni salama kwa sababu tu anayekata vipande hakubadilika.

---

Sukari_Guru alijibu:

Tina Fey. Uzi ufungwe.

---

Bi_Kalenda alijibu:

Sukari_Guru, mleta uzi kakuomba kistaarabu kabisa, lakini haya, tulipime hilo jina lako.

Sifa anazo. Mwaka 1999 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwandishi mkuu wa kipindi hicho, kisha akaunda na kuendesha tamthilia ya vichekesho ya 30 Rock kwa misimu saba. Anajua kuongoza chumba cha waandishi, anamjua kila mtu jengoni. Swali langu ni moja: kalenda. Msimu una matoleo takriban 20, na kila toleo linakula siku sita, Jumanne na Jumamosi zikiisha usiku wa manane. Anayerithi hawezi kuwa na filamu Aprili. Seth Meyers vilevile, ana kipindi chake cha mazungumzo, Late Night, siku za wiki. Kabla hujauliza nani ana kipaji, uliza nani yuko tayari kufuta mambo mengine yote kwa miaka mitano. Orodha ya majina makubwa itapungua ghafla.

Kingine: Michaels hana SNL peke yake. Ni mtayarishaji mkuu wa The Tonight Show, kipindi kingine cha mazungumzo cha NBC, tangu Jimmy Fallon aanze kukiendesha Februari 2014, na wa Late Night pia, kupitia kampuni yake ya Broadway Video. Ukimtafuta mtu mmoja wa kuziba nafasi hizo zote, humpati. Zitenganishwe kwanza, ndipo mtafute mtu wa Jumamosi.

Na kuhusu mwigizaji kuwa bosi. Mwigizaji anajua kumpenda mwenzake aliyeboronga jukwaani. Bosi ni yule anayekata kipande cha rafiki yake saa moja kabla ya hewa, kisha Jumatatu wanaangaliana usoni. Wapo wanaoweza yote mawili, lakini si jambo la kulidhania. Lipimwe.

---

Nukta_Tatu alijibu:

Kuhusu muda wa makabidhiano. Watu husema "tangazeni mapema, kila mtu ajiandae". Sikubali, angalau si kwa namna ilivyofanywa na NBC hiyohiyo.

Septemba 2004 walitangaza kwamba Conan O'Brien atamrithi Jay Leno kwenye The Tonight Show mwaka 2009. Miaka mitano! Walikuwa wanaogopa Conan asihame. Tatizo ni kwamba 2009 ilipofika Leno bado aliongoza kwa watazamaji, hivyo NBC haikutaka kumwachia naye ahame. Conan akaanza 1 Juni 2009; Septemba Leno akapewa kipindi cha kila siku saa 4 usiku, yaani mbele ya mrithi wake mwenyewe. Vituo vya mikoani vikalalamika kwamba habari zao za usiku zinakosa watazamaji kwa sababu kinachotangulia ni dhaifu. Januari 2010 wakaja na wazo la kumrudisha Leno saa 5:35 na kuisukuma Tonight hadi saa 6:05. Conan akakataa. Toleo lake la mwisho likawa 22 Januari 2010, miezi saba na ushee tangu aanze, na kuvunja mkataba kulielezwa kuwa kuligharimu dola milioni 45 hivi, sehemu ikiwa fidia ya wafanyakazi wake. Machi Leno akarudi.

Ugonjwa pale si tarehe ya mapema peke yake. Tarehe iliwekwa bila kuamua anayeondoka anakwenda wapi. Aliyekuwa na kiti akibaki ndani ya nyumba na funguo mkononi, mrithi ni mgeni wa muda tu.

Upande wa pili ni haraka. Jon Stewart alitangaza Februari 2015 kwamba anaondoka The Daily Show, kipindi cha kukejeli habari. Machi 30 wakamtaja Trevor Noah, ambaye alikuwa ameonekana kwenye kipindi mara tatu tu. Ndani ya siku moja watu walikuwa wamechimba machapisho yake ya zamani ya Twitter, kelele zikaanza. Alivuka, akaanza 28 Septemba 2015 na kudumu hadi Desemba 2022, na kilichomvusha ni kwamba sehemu kubwa ya jikoni ilibaki ileile. Lakini kosa la kituo lilikuwa wazi: kila neno la hadharani la mteule linasomwa kabla ya tangazo, si baada yake. Hiyo ni kazi ya wiki mbili tatu kwa watu wawili, na jibu la kila neno baya linaandaliwa mapema.

Mimi ningesema: uamuzi wa ndani ufanyike misimu miwili kabla, tangazo la nje miezi sita mpaka tisa kabla. Ukitangaza kabla ya hapo, kila mzaha unaoanguka utahesabiwa kuwa wa mrithi, hata ule ambao hakuugusa.

---

Mkataba_Kwanza alijibu:

Mmeruka karatasi. Kabla ya mtu yeyote kukaa kitini, itafutwe orodha ya nani anamiliki nini: jina, vipengele vya kudumu, wahusika, muziki wa kufungulia, maktaba ya matoleo ya zamani.

Mfano upo. Mtangazaji David Letterman alipohama NBC kwenda kituo shindani cha CBS mwaka 1993, NBC ilidai vipengele vya kipindi chake ni mali yake. Mzee mmoja aliyependwa sana na watazamaji, akiitwa Larry "Bud" Melman, ilibidi aonekane CBS kwa jina lake halisi la Calvert DeForest, kwa sababu lile la bandia lilibaki nyuma. Orodha yake ya mzaha ya mambo kumi nayo ikabadilishwa jina kidogo ili ipite.

Kwa SNL hatari iko kwa waigizaji na waandishi zaidi ya vipengele. Mikataba ya watu muhimu ikiisha siku moja na ya kiongozi, umejitengenezea 1980 nyingine. Mikataba ya waandishi wakuu, mwongozaji na watayarishaji wa ngazi ya pili iandikwe iishe kwa kupishana, na walau nusu yake ipitilize mwaka mmoja mzima baada ya mrithi kuanza. Bonasi ya kubaki ni nafuu kuliko kuajiri chumba kizima upya.

Na mrithi mwenyewe aombe vitu viwili kwa maandishi: neno la mwisho juu ya nani anaajiriwa, na bajeti isiyopunguzwa kwa misimu miwili. Kituo kikikataa la pili, ajue anaitwa kuzika.

---

Pazia_Jekundu aliuliza tena:

Nashukuru sana wakuu, hapa nimepata shule. Swali la nyongeza: kwa nini lazima mrithi mmoja? Kwani haiwezekani kuzungusha, au kugawa kiti kwa watu wawili watatu?

---

Nukta_Tatu alijibu:

Kuzungusha kunafaa kwa anayeonekana kwenye kioo, kama vingine vyote vimesimama. Have I Got News for You ya BBC, shindano la maswali ya mzaha kuhusu habari, ilimfukuza mwendeshaji wake Angus Deayton Oktoba 2002, na mpaka leo haijaajiri mwingine. Kila toleo lina mwendeshaji mgeni. Inawezekana kwa sababu Ian Hislop na Paul Merton, manahodha wa timu, wapo tangu 1990, na mwendeshaji anasoma maswali yaliyokwisha andikwa. Tena hurekodiwa Alhamisi na kuonyeshwa Ijumaa, kwa hiyo mgeni akiboronga kuna mkasi.

The Daily Show ilijaribu 2023: kila wiki mgeni mmoja. Ilivutia, lakini waandishi walilazimika kujifunza sauti mpya kila Jumatatu, na ilipofika Alhamisi sauti imeanza kukaa, mwenyewe anaondoka. Mgomo wa waandishi ukakatiza katikati, uamuzi ukaburutwa, na mwisho wake Februari 2024 wakamrudisha Stewart kwa Jumatatu tu, siku nyingine wakashika wachekeshaji wa kipindi wanaoigiza waandishi wa habari. Ukiniuliza, hiyo ni dalili ya kushindwa kuchagua, ingawa kama burudani imefanya kazi.

SNL tayari inazungusha nyota wake kila wiki. Ukizungusha na anayekata, hakuna kitakachobaki kimesimama.

---

Bi_Kalenda alijibu:

Kugawa ndiyo, lakini gawa kazi, usigawe uamuzi. Stephen Colbert alipoanza Late Show ya CBS Septemba 2015 alikuwa anabeba kuendesha na kusimamia kwa pamoja, kipindi kikayumba. Aprili 2016 wakamleta Chris Licht kusimamia nyumba, Colbert akabaki na vichekesho, na baada ya hapo wakapanda. Kwa hiyo ajira, bajeti, safari, mahusiano na kituo, hayo yanaweza kuwa ya mtu wa pili. Mkato wa Jumamosi hauna watu wawili. Wawili wakitofautiana saa 4:40 usiku, mafundi wa jukwaa hawajui wasukume nini.

Mfano mzuri wa kupokezana bila vurugu ni katuni ya The Simpsons. Miaka ya 1990 msimamizi alibadilika kila baada ya misimu miwili hivi: Al Jean na Mike Reiss, kisha David Mirkin, kisha Bill Oakley na Josh Weinstein, kisha Mike Scully aliyekaa misimu minne. Al Jean akarudi 2001. Karibu wote walitoka chumba cha waandishi palepale. Matt Selman naye alisimamia matoleo machache machache kwa miaka kabla ya kushika usukani mkuu kuanzia msimu wa 33. Kumbuka tu kwamba katuni huchukua miezi mingi kutengenezwa, hivyo wawili wanaweza kufanya kazi sambamba, kila mmoja na matoleo yake. Kipindi cha mubashara hakina anasa hiyo.

---

Kadi_za_Ubaoni alijibu:

Mfano wa Selman ndio ningeukopa, kwa marekebisho.

Msimu wa kwanza, wagombea wawili au watatu, wote kutoka ndani, wanaingia kwenye kile kikao cha Jumatano baada ya kusoma mezani. Kila mmoja anaandika orodha yake ya vipande kabla Michaels hajafungua mdomo, anaikabidhi kwa msaidizi. Jumamosi vivyo hivyo kati ya zoezi na hewa: orodha kwanza, mazungumzo baadaye. Ukifika toleo la kumi una orodha ishirini za kila mgombea. Usitafute anayefanana zaidi na Michaels. Huyo ni mwanafunzi mzuri tu. Tafuta ambaye, pale alipotofautiana naye, ana sababu inayotaja jukwaa, muda na watu, si "hiki kinachekesha".

Msimu wa pili, mmoja au wawili waliobaki wanapewa wiki nzima, Jumatatu hadi Jumamosi. Wiki nne kati ya ishirini zinatosha. Usiwape toleo la kufungua msimu, wala usiwape wiki ambazo mgeni ni mwanamichezo asiyewahi kusimama jukwaani. Hayo si majaribio, ni mitego. Na katika wiki hizo Michaels asiwepo jengoni. Akikaa kimya pembeni haisaidii, kwa kuwa macho ya kila mtu yatamtazama yeye kicheko kikikosekana. Hapa ndipo makabidhiano mengi huharibika: mwandishi aliyekatiwa kipande anapanda ghorofa ya juu kwa mzee kukata rufaa, mzee kwa huruma anasema "ngoja nizungumze naye", na tangu dakika hiyo mgombea hana mamlaka hata juu ya rangi ya pazia.

Cha kupima si idadi ya watazamaji. Hiyo inategemea nyota wa wiki, na mchezo wa mpira uliotangulia ulichelewa kwa dakika ngapi. Pima vitu hivi: orodha ya mwisho ilitoka saa ngapi, kipindi kilipitiliza kiasi kwamba kipande cha mwisho kikakatwa kikiwa tayari kimevalishwa, mabadiliko mangapi yalitolewa baada ya kadi za maneno kuandikwa, na waandishi wangapi waliokatiwa Jumamosi walileta kitu kizuri Jumatano iliyofuata. Hicho cha mwisho kinakuambia kama mgombea anakata bila kuwavunja watu.

Msimu wa tatu ni wake, jina lake la kwanza kwenye orodha ya majina. Michaels apewe kazi yenye jengo jingine.

Huo ni mpango wa watu wenye muda. Lakini mzee amevuka 80, na Jumamosi hii kuna kipindi. Kwa hiyo kuna karatasi moja inayotakiwa kuwepo kabla ya yote hayo: kama saa 4 usiku hayupo, nani anasimama mbele ya ubao? Jina moja, si kamati. Mwongozaji alijue, mkuu wa mafundi wa jukwaa alijue, na mwenye kadi za maneno alijue, maana yeye ndiye atakayekuwa ameshika kalamu akisubiri kuambiwa afute nini.